Isafishe Kwanza

"Usinijibu kwa macho," shemeji alisema. "Nijibu kwa mdomo. Mboji ni yako au si yako?"

"Ni yangu," Fundi alisema.

"Miche imekufa au haijafa?"

"Imekufa."

"Sasa tunabishana nini tangu asubuhi?"

Walikuwa wamesimama pande mbili za meza ya kitalu changu, na katikati yao trei arobaini za nyanya, miche yote imelala. Juzi ilianguka kona moja. Jana nusu. Leo nilipofunua wavu sikuona hata mmoja uliosimama. Miche elfu nne, na mvua zimebakiza wiki mbili.

Shemeji alichomoa mche mmoja akauning'iniza mbele ya pua ya Fundi. Penye udongo shina lilikuwa jeusi, jembamba kama uzi.

"Kinyausi," alisema. "Hata mtoto wa shule anakijua. Kinakaa kwenye udongo, kinaukata mche shingo kabla haujaijua dunia. Na udongo uliomo humu ni wako. Umemletea shemeji yangu ugonjwa kwenye magunia, na sisi tukakupokea kwa mikono miwili."

"Naomba niitazame vizuri."

"Utazame nini? Umeshaua, sasa unataka na kuaga maiti?"

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na ndiye mwenyekiti wa umoja wetu wa wakulima. Miche ile ilikuwa ya wanachama thelathini. Fundi ndiye anayetutengenezea mboji kwenye kiwanja cha umoja, nyuma ya soko, kwa majani yanayotupwa sokoni, samadi na maranda ya mbao. Watu humwita Fundi Mboji akiwapo, na Bwana Taka akishageuka. Mimi nilimwita Fundi kama wote, ingawa wiki mbili nyuma alikuwa ameniomba niache.

Siku hiyo alisimama mlangoni mwa kitalu, kofia mkononi. "Maneno mimi sina," alisema. "Ila naomba uache kuniita Fundi, uniite mwenzako. Mwaka mzima naleta mboji hapa, na nusu ya safari hizo hukuwa umeagiza kitu. Nadhani unajua."

Nilikuwa najua. Kila gunia alilolishusha alilisukuma mpaka mahali nitakapolihitaji, bila kuulizwa, na mwanamke aliyejibebea mwenyewe miaka minne huona jambo kama hilo hata akiwa amegeuza mgongo. Lakini nina binti mkubwa, nina shemeji, nina miaka arobaini na sita. Nikamwambia, "Miche hii ikitoka kitaluni, nitakujibu." Akacheka kidogo. "Basi nitaiombea kuliko wewe," akasema.

Sasa ilikuwa imelala mbele yetu sote wawili.

Shemeji alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua mara nne. "Umoja unakuondoa kwenye kiwanja leo. Lori la mbao linapita saa saba, dereva nimeshaongea naye, atakubeba na vyombo vyako. Inayotakiwa ni sahihi ya aliyepata hasara." Akanigeukia. "Shemeji, hapa chini."

"Leo hii?" nikauliza.

"Unataka aue na ya mwakani?" Akapunguza sauti, ila si kiasi cha Fundi kutosikia. "Na yale mengine ninayoyasikia mtaani, yatakuwa yamekwisha kwa pamoja. Ndugu yangu hakujenga nyumba hii ije inuke majani yaliyooza."

Binti yangu alikuwa pembeni na ufagio. "Baba mkubwa, wewe unanuka sigara na hatujakufukuza."

"Nyamaza. Maongezi ya wakubwa haya."

"Nina miaka ishirini na moja."

"Basi nyamaza ukiwa na ishirini na moja."

Nilishika kalamu bila kuvua glavu, ambazo sizivui nikiwa kazini. Nilimtazama Fundi, nikitaka aseme kitu, chochote, ajitetee kama mwanaume. Yeye hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama kibanda cha pembeni, penye pipa langu la mvuke lililokaa juu ya mafiga, na majivu mengi chini yake. Alilitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama pipa. Kisha akanitazama mimi, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo sikuielewa. Nilidhani anaomba msaada. Nikainamisha macho kwenye glavu zangu.

"Barua ni sawa," alimwambia shemeji. "Mboji ni yangu. Mwache atie sahihi."

Nikatia. Mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Miche ilikuwa imekufa, mboji ilikuwa yake, na usafi wa kitalu changu hauna wa kuukaribia. Niliandika jina langu lote, herufi kwa herufi. Moyo ulikataa, lakini moyo hauandiki.

Fundi alivaa kofia. Mlangoni aligeuka. "Mama Kitalu, trei hizo zichemshe kabla hujazitumia tena. Trei tu."

"Nimesikia," nikasema.

"Trei tu," akarudia, akaenda.

Shemeji naye aliondoka na barua yake kwenda kuwasomea wanachama. Nikabaki namwaga trei moja moja kwenye ndoo. Kazi ya aina hiyo ina faida moja, mtu akilia juu yake anaonekana anatokwa jasho.

"Mama," binti yangu akaita. "Usinipige."

"Sijakupiga tangu una miaka tisa."

"Basi usianze leo. Njoo nyuma ya ghala."

Nyuma ya ghala, chini ya kipande cha wavu kilichochanika, kulikuwa na trei tatu. Miche yake ilikuwa imesimama wima, minene shingoni, majani yamefunguka kama viganja.

"Hizi za nani?"

"Zetu. Mbegu ileile, siku ileile, maji ya bwawa yaleyale. Trei zilezile kuukuu." Alikuwa anaongea huku anarudi nyuma. "Unakumbuka ulikuwa unachemsha mboji, kuni zikaisha likabaki gunia moja? Ukanituma kuni. Mama, nilikuwa nimechoka. Nikapanda kwenye mboji hivyohivyo ilivyokuja, nikazificha. Ungesema nimepanda kwenye uchafu."

"Ningesema."

"Najua."

Nilihesabu. Katika miche mia tatu, tisa tu ndiyo ilikuwa imelala. Nilichomoa mmoja uliosimama. Mizizi ilikuwa myeupe, mingi, imekumbatia mboji kiasi kwamba ilining'inia nayo bila kudondoka. Nikasimama pale na mche mkononi, na maneno ya Fundi yakanirudia. Trei tu. Mtu hasemi "tu" mara mbili bila sababu.

"Unakwenda wapi?" binti yangu akauliza.

"Nyuma ya soko."

"Saa saba kasoro hiyo."

"Ndiyo maana natembea haraka."

Kuna jambo inabidi nilieleze, kwa sababu bila hilo nitaonekana mjinga, na mimi ujinga sina, nina mazoea. Miaka kumi na tano nilifanya kazi katika chumba cha kuchemshia vifaa vya zahanati. Makasi, koleo, visu, vyote vilipita mkononi mwangu na kwenye mvuke. Cheti changu cha chuo kinasema hivyo na pua yangu inasema hivyo, mpaka leo nikisikia harufu ya mvuke nahisi niko kazini. Siku moja mume wangu alikanyaga msumari wenye kutu shambani, akaficha, kwa sababu aliona aibu kunisumbua kwa kidonda kidogo. Mimi nikaendelea kuchemsha vifaa vya kutibia waume za watu. Alipoanza kukakamaa taya, pepopunda ilikuwa imeshaingia, tukawa tumechelewa. Baada ya mazishi niliacha zahanati nikafungua kitalu, na tangu hapo hakuna kilichoingia kwangu bila kuchemshwa. Binti yangu husema ningeweza, ningechemsha na wageni.

Nilimkuta Fundi anakunja turubai. Lori lilikuwa limeshafika, dereva amelalia usukani. Juu ya lori kulikuwa na uma, koleo mbili, godoro, na chekeche lake kubwa la waya. Nyuma yake malundo matatu ya mboji yamekaa kwa mstari, moja bado linatoa moshi.

"Siku uliyoleta magunia uliniambia nini?" nikauliza.

"Mambo mengi."

"Kuhusu mboji. Neno kwa neno."

Aliweka turubai chini. "Mama Kitalu, lori linanisubiri."

"Litasubiri."

Akashusha pumzi. "Nilikwambia, isafishe kwanza."

"Kusafisha kwako ni kufanya nini?"

Alinyoosha tu kidole kwenye chekeche.

"Kuchekecha," nikasema.

"Sokoni watu hutupa kila kitu. Vifuniko, mifuko, vijiti. Nilikuwa na haraka siku ile, sikuwahi kuichekecha."

"Kwangu mimi kusafisha ni kuchemsha. Saa nzima kwenye mvuke, kila gunia. Siku mbili nzima."

"Najua. Nimeliona pipa."

Dereva aliinua kichwa, akatutazama, akalala tena.

"Nieleze," nikasema. "Lundo lako lenyewe linatoka moshi. Moto wako halali, wangu haramu, kwa nini?"

Aliokota kijiti, akakichomeka kwenye lundo lenye moshi, akakitoa, akanipa nishike. Kilikuwa cha moto hasa. Kisha akanipeleka kwenye lundo la mwisho, akachota mboji kiganjani. Ilikuwa baridi, nyeusi, inanuka kama msitu baada ya mvua.

"Lundo linapojipasha, magonjwa yanakufa, hilo ni kweli," alisema. "Lakini likishafika hapo silitumii. Naligeuza, naliacha lipoe miezi mitatu, wenyeji warudi. Bakteria, kuvu wa kila namna, vijidudu ambavyo mimi na wewe hatuvioni. Hao ndio walinzi wenyewe. Mche ukitoa mzizi wanaufunika kama soksi. Chakula kinachovuja mzizini wanakila wao, kinyausi kikifika kinakuta sahani zimelambwa. Wapo wanaokila kinyausi chenyewe. Na mche uliokua nao unajifunza mapema kujikaza, kama mtoto aliyelelewa na ndugu wengi."

"Na mimi nikawachemsha."

"Wote. Wewe ulipasha ukapanda bila kungoja. Ukawatoa wenyeji ukaacha mlango wazi. Nyumba tupu haikai tupu, anaingia wa kwanza kufika, na kinyausi kina mbio kuliko wengine. Kilikuwa kwenye trei zako kuukuu, au kwenye maji ya bwawa. Kilikuta nyumba haina mtu."

Nilikitazama kiganja chake. Nyumba haina mtu. Miaka minne nilikuwa nikiisugua yangu, nikichemsha, nikifunga, nikidhani nyumba isiyo na kitu ndani ndiyo salama.

"Uliliona pipa," nikasema. "Ukajua. Ukasema barua ni sawa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alimimina mboji taratibu kurudi kwenye lundo. "Wanachama thelathini wanangoja miche. Wakijua ni mkono wako, nani atapanda kwako tena? Wewe una kitalu na binti. Mimi nina uma, koleo na chekeche. Mwenye vichache ndiye anayehama kwa urahisi."

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Unadhani ningeweza kumeza chakula huku kuna mtu amekwenda na lawama yangu kwenye lori la mbao?"

"Nilidhani hutajua."

"Basi hunijui."

"Nakujua," alisema. "Ndiyo maana nilitaka lori lije mapema."

Alikuwa ananitazama sasa, na mimi sikutazama glavu. Ana macho ya mtu aliyezoea kungoja, macho ya miezi mitatu. Nikakumbuka ule ulaini wa uso wake nilioufikiria ni kuomba. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anaaga.

Kumbe mume wangu alinificha kidonda ili asinisumbue, na huyu naye alikuwa anataka kunifichia changu. Wanaume wanaonipenda wana ugonjwa huo. Nilishawahi kuuachia mmoja ukamwua. Wa pili nilikataa.

Nikatoa simu, nikampigia shemeji, nikaiweka kwenye spika.

"Barua iko wapi?" nikauliza.

"Hapa mkononi, wanachama wamefika, ndio naanza kusoma."

"Usisome. Weka simu yako wote wasikie."

"Shemeji, kuna nini?"

"Weka wasikie."

Nilisikia minong'ono ya watu na kiti kikivutwa. Fundi alinyoosha mkono kama anayetaka kuichukua simu. Nikasogea nyuma.

"Jamani, ni Mama Kitalu," nikasema. "Miche yenu imekufa na aliyeiua ni mimi. Fundi aliniletea mboji hai, mimi nikaichemsha mpaka ikafa, kisha nikamtupia yeye lawama. Kuna trei tatu ambazo mboji yake haikuchemshwa, zimesimama. Njooni mzione kwa macho yenu, ziko nyuma ya ghala. Sahihi iliyo kwenye barua ni ya mkono wangu, lakini ni ya uongo. Mbegu ninayo. Leo napanda upya, kwenye trei zilizochemshwa na mboji isiyochemshwa. Mtachelewa wiki mbili. Atakayekwenda kununua kwingine simlaumu."

"Shemeji, zima simu," sauti ya shemeji ilikuwa ya chini. "Unajiaibisha."

"Nimeshajiaibisha, sasa namalizia. Jambo la pili. Fundi aliniuliza swali, nikamwambia nitamjibu miche ikitoka kitaluni. Imetoka. Imetoka kwa ndoo ya taka, lakini imetoka. Jibu langu ni ndiyo. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye mkubwa wetu, na sitaki ulisikie mtaani."

Kisha mwanamke mmoja kule akasema, "Makubwa haya," na mwingine akamnyamazisha ili asikie vizuri.

"Ndugu yangu," shemeji akaanza, nami nikamkatiza.

"Ndugu yako nilimwosha mimi na nilimlilia mimi, na sijamaliza," nikasema. "Hakuna atakayekaa mahali pake. Huyu atakaa mahali pengine. Njoo jioni nyumbani, njoo na hasira zako zote, nitakuandalia chai tuziongee."

"Chai iwe na sukari," shemeji alisema, kwa sauti ya mtu aliyezeeka kidogo, akakata.

Fundi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa turubai. Kofia ilikuwa mikononi, anaizungusha.

"Hukuniambia mimi kwanza," alisema.

"Wewe ulikuwa umekaa hapa hapa. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Una la kupinga?"

Alitikisa kichwa. Akajifunika uso kwa kofia, na mimi nikageuka upande wa malundo kumpa nafasi. Mtu mzima akilia apewe nafasi.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Sasa jamani, mimi nabeba au sibebi?"

"Hubebi," nikasema.

Nikapanda lori mwenyewe, nikashusha uma, nikashusha koleo, nikalivuta chekeche kwa waya zake mpaka chini, nikaliegemeza kwenye lundo lililopoa. Kisha nikavua glavu, ya kulia na ya kushoto, nikaziingiza mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu nikatia mikono mitupu kwenye udongo.

"Haya, mwenzangu," nikamwambia. "Nionyeshe kusafisha."